Kadi Chini ya Godoro

Daktari aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa akiandika, kichwa ameinamisha: "Mazoezi umefanya?" Nikasema nimefanya. Mara ya pili akaweka kalamu chini: "Kwa muda gani?" Nikasema miezi sita, kila siku, asubuhi na jioni. Mara ya tatu alinitazama usoni, akanyoosha mkono: "Kadi yako ya fizio iko wapi, niione?" Nikamwambia imepotea. Nyumba ilivuja, nikasema, ikalowa pamoja na karatasi nyingine.

Kadi haikupotea wala haikulowa. Ilikuwa nyumbani Tiwi, nimeikunja mara nne na kuisukuma chini ya godoro upande wa ukutani. Ilikuwa na mistari minane ya mahudhurio, na miwili tu ndiyo iliyoandikwa tarehe. Yale mazoezi ya miezi sita niliyafanya siku nne.

Kwa majibu hayo matatu nilipasuliwa wayo wa kushoto, katikati ya Mei 2023. Leo natembea, lakini nikichoka nachechemea, na watu wakiniona napanda matatu pale stejini kwa kujivuta na mlango hutikisa kichwa: hospitali zimemharibu, maskini. Miaka miwili nimewasikia wakisema hivyo nami nimenyamaza. Kunyamaza huko kumenichosha kuliko mguu wenyewe. Daktari yule alinipasua vizuri. Alimpasua mtu aliyemdanganya.

Nianze na maumivu, kwa kuwa hayo hayakuwa ya uongo. Mimi ni mhudumu katika mkahawa wa hoteli moja ya ufuoni Diani, na huu ni mwaka wangu wa ishirini. Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili, kwa hiyo saa kumi na moja niko stejini, na tangu nifike kazini hadi saa tisa alasiri siketi ila kwa dakika za kula. Sakafu ni ya vigae. Viatu ni vile vyeusi vya soli nyembamba, vinavyong'aa vizuri mbele ya mgeni. Wiki ya uchaguzi wa Agosti 2022 niliamka alfajiri, nikatua mguu wa kushoto chini, nikahisi nimekanyaga msumari. Nikashika ukuta. Hatua kumi, kumi na tano, maumivu yakalegea. Jioni nikakaa garini toka Ukunda, na niliposhuka Tiwi yakaanza upya kama ya asubuhi.

Mwenye ugonjwa huu anaijua hatua hiyo ya kwanza. Chini ya wayo kuna utando mgumu kama mkanda, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, nao ndio unaoushikilia uvungu wa wayo usilale chini. Ukilemewa mwaka baada ya mwaka huchakaa pale unaposhikana na mfupa. Usiku tunapolala mguu hunyooka na utando hujikaza ukawa mfupi. Asubuhi uzito wote wa mwili huuvuta kwa ghafla. Ndiyo maana mtu hulala mzima akaamka kilema.

Nilipita njia wanazopita wote. Mke wangu alinikanda kwa chumvi iliyokaangwa na kufungwa kwenye kitambaa. Jirani akaleta mafuta. Mzee mmoja wa Ng'ombeni akanichanja chale juu ya kifundo. Oktoba nikachomwa sindano kwenye zahanati ya binafsi, ndani ya kisigino chenyewe, na kwa wiki tano nikatembea kama kijana. Nguvu yake ilipoisha nikarudi Desemba, maana hoteli ilikuwa imejaa wageni wa Krismasi. Februari nikaenda kwingine, ng'ambo ya Likoni, nikachomwa ya tatu, na huko sikusema kwamba nimeshachomwa mbili. Sindano hizo za steroidi hutuliza kwa muda mfupi. Zikirudiwarudiwa huweza kuudhoofisha utando hata ukakatika, na kuyapunguza mafuta yaliyo chini ya kisigino ambayo ndiyo mto wa mfupa. Niliambiwa hayo waziwazi tangu ile ya kwanza.

Katikati ya sindano ya kwanza na ya pili, mwezi wa Novemba, ndipo nilipoipata ile kadi. Nilikuwa nimepewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Msambweni, na fizio niliyemkuta alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinivua soksi kwa mkono wake, akaubonyeza wayo kwa kidole gumba akitafuta, mpaka akafika pale penyewe, nikaruka. Kisha akanikalisha kitandani, akaupandisha mguu mbaya juu ya goti la mguu mzima, akanifundisha kuvivuta vidole kuelekea kwenye muundi hadi utando ukakazika chini ya ngozi kama uzi wa mshipi uliovutwa na samaki.

"Hesabu kumi, achia. Mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ya kwanza iwe kabla hujashuka kitandani, baba. Kabla ya ile hatua ya kwanza."

Halafu tafu la mguu: mikono ukutani, mguu mbaya nyuma, goti limenyooka, kisigino kisiinuke. Viatu vya soli nene hata ndani ya nyumba. Peku juu ya saruji, hapana. Wiki kumi na mbili, akasema, na usipoona nafuu upesi usiache. Akaniambia pia kwamba katika watu kumi wenye maumivu haya, tisa hivi hupona bila kisu, wengi wao ndani ya mwaka mmoja.

Nilifanya siku nne. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu la kweli si zuri. Nauli ya Msambweni haikuwa sababu, maana mazoezi yalikuwa ya nyumbani. Nafasi nilikuwa nayo, maana ni dakika tano. Nilidharau. Niliidharau dawa isiyonunuliwa, isiyo na chupa wala kidonge, iliyotoka kwa binti mdogo. Angeniandikia kitu cha shilingi elfu tatu ningekimeza hadi tone la mwisho. Nilikwenda mara ya pili, akaniuliza naendeleaje, nikamwambia nayafanya. Hapo ndipo uongo ulipoanza, mdogo, wa kuona haya. Mara ya tatu sikwenda, ili asiniulize tena.

Kisha ikaja hesabu ya msimu. Anayekula riziki ya hoteli huku kwetu Pwani ya Kusini anaijua. Pasaka ikipita na masika yakishika, wageni hupungua. Tunaita lo sizini. Sisi wa kandarasi huambiwa twende nyumbani tukapumzike bila mshahara mpaka Julai. Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa Aprili 9. Nikapiga hesabu: nikipasuliwa Mei, mishono itoke mwisho wa mwezi, Juni nijikongoje, Julai niko kazini na trei mkononi, wala sijapoteza hata siku moja ya mshahara. Wiki kumi na mbili za kuvuta vidole hazikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Daktari angejua ukweli angenirudisha nikaanze upya, nami ningefika Agosti, hoteli imefurika, bila kujua kama nitapona. Nilitaka kitu cha siku moja. Nilikitaka kisu kile hata nikakiombea dua.

Uongo niliomwambia daktari nimeusema. Uliobaki ndio unaoniuma zaidi, nao nilimwambia mamangu.

Bima yangu ya afya ya NHIF, iliyokuwepo wakati ule, ilikuwa imekatika kwa sababu ya kazi za msimu, kwa hiyo gharama ilikuwa ya mfukoni. Mamangu anakaa si mbali na kwangu, katika nyumba ya makuti aliyoachiwa na marehemu baba. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba ya mabati kutokana na minazi yake kumi na minane: madafu kwa wachuuzi wa ufuoni, nazi kavu kwa wenye maduka, makuti kwa wanaojenga mabanda. Zilikuwa zimefika shilingi 52,000. Nilikwenda kwake na picha ya eksirei. Nikaiinua dirishani kwenye mwanga, nikamwonyesha kimfupa kilichochomoza chini ya kisigino kama ncha ya ndoana.

"Unauona mwiba huu, mama? Huu ndio unaonichoma. Usipokatwa sitatembea tena."

Mamangu akaweka kiganja kinywani.

Binti wa Msambweni alikuwa amenieleza kuhusu kimfupa hicho, picha ile ile ikiwa mkononi mwake. Watu wengi wanacho na hawaumwi na chochote. Wengine wanaumwa vibaya na hawanacho. Si chenyewe kinachochoma, na hata anayepasuliwa si lazima kikatwe. Niliyajua hayo yote wakati nimeinua picha dirishani. Nilichagua kusema mwiba kwa sababu mwiba unaonekana, na mzazi akiuona mwiba ndani ya mguu wa mwanawe hatauliza maswali. Alizitoa fedha zote, zimefungwa kwenye pindo la kanga, akasema mabati hayaozi dukani.

Siku ya upasuaji sina mengi ya kuisimulia. Daktari alichora mstari mfupi kwa kalamu upande wa ndani wa kisigino. Akanieleza kwamba atakata sehemu tu ya utando, upande wa ndani, usipungue sana, kwa sababu ukikatwa kupita kiasi uvungu wa wayo hulegea na uzito huhamia upande wa nje. Kwenye fomu ya idhini palikuwa na nafasi ya kuandika sindano zilizotangulia. Niliandika moja. Nikatia sahihi. Wakanidunga ganzi kuzunguka kifundo, nikalala nikitazama taa.

Jioni shemeji alikuja kunichukua kwa gari la rafiki yake. Foleni ya Likoni ilikuwa ndefu, na ganzi ikaisha humo humo garini, kabla hatujaiona hata feri. Shemeji aliniuliza kama asimame aninunulie dawa nyingine, nikamwambia nitavumilia. Nilijiambia kwamba maumivu yale ni malipo, na kwamba yakiisha deni limekwisha. Lilikuwa wazo la kujifariji tu. Deni halikuwa kati yangu na mguu wangu.

Wiki mbili sikuruhusiwa kukanyaga kabisa. Asiyewahi kutembea na magongo Tiwi katika mwezi wa Mei hajui ardhi yetu ilivyo. Mahali pengine ni mchanga, gongo linazama. Hatua mbili mbele ni jiwe la matumbawe lenye meno, gongo linateleza. Na masika yakinyesha, udongo unakamata ncha zote mbili. Choo chetu kiko nje. Mwanangu wa gredi ya saba alinisindikiza usiku na mwavuli, mkono mmoja juu yangu, yeye akilowa. Mke wangu, anayeuza viazi karai jioni, alianza kuamka saa tisa usiku ili ateke maji, apike, anifunge mguu kwa mfuko wa plastiki nioge, ndipo aende kwenye shughuli zake. Hakulalamika hata mara moja, naye alikuwa akilalia ile kadi.

Niliswali juu ya kiti cha plastiki. Hapo ndipo jambo moja lilinijia nikashindwa kulikwepa. Katika sijda vidole vya miguu yote miwili hukunjwa kuelekea kibla, na wayo hukazika pale pale alipoukaza yule binti. Sala tano za faradhi zina rakaa kumi na saba, yaani sijda thelathini na nne kwa siku. Tangu utotoni mwili wangu ulikuwa ukiufanya mkunjo ule, nami nikauona kitu cha kudharau alipouleta mtu wa hospitali. Nikikaa juu ya kiti, mguu umenyooshwa mbele yangu na bandeji, niliitamani sijda kuliko nilivyowahi kutamani kupona.

Kitandani nilikuwa na simu na muda mwingi. Nikasoma yale ambayo ningepaswa kuyasoma kabla. Zoezi la kuvivuta vidole lilipimwa na watafiti wa Rochester huko Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2003: walichukua watu waliokuwa wameumwa miezi kumi na zaidi, na waliovuta utando wenyewe walipata nafuu kuliko walionyoosha tafu peke yake. Miaka kumi na zaidi baadaye Wadenmaki wakajaribu jingine, la kuinua kisigino taratibu juu ya ngazi huku taulo limekunjwa chini ya vidole, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya miezi mitatu waliofanya hilo walikuwa mbele ya wenzao, na baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa. Nilisoma hayo usiku, mvua ikipiga, kisigino kinanidunda, na taulo lenyewe linaning'inia kwenye kamba mbele ya macho yangu.

Mishono ilipotolewa, karatasi niliyopewa ilikuwa na picha nne. Mtu ameketi anavuta vidole. Mtu amesimama mikono ukutani. Mazoezi niliyoyakimbia yalikuwa yakinisubiri upande wa pili wa kisu, yale yale, ila sasa nilipaswa kuyafanya juu ya kovu.

Idi ya Kuchinja iliangukia mwisho wa Juni. Nilikwenda kuswali kwa fimbo moja, na niliporudi nikahisi maumivu mapya, upande wa nje wa mguu, mahali ambapo hapakuwahi kuuma. Kisigino kilikuwa na nafuu, siwezi kukana. Lakini uzito ulikuwa umehama, kama daktari alivyoonya. Julai sikurudi kazini. Agosti sikurudi. Hesabu yangu yote ya msimu ikaporomoka, na wageni wakahudumiwa na vijana wapya.

Mwisho wa Agosti nilirudi kwa daktari. Aliugeuza mguu huku na huku, akasema kovu ni zuri, na alichokata hakikuwa kingi. Akaniuliza taratibu, "Ile sindano uliyochomwa, ni moja kweli?"

Nikamwambia, "Daktari, ni tatu. Na mazoezi sikufanya. Kadi haikulowa, ninayo nyumbani."

Alinyamaza kitambo. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utanirudisha."

"Ningekurudisha, ndiyo."

Nikamwuliza kama ningepona bila yeye. Hakunidanganya ili kunifariji, wala hakuniongezea mzigo. Alisema huenda ningekuwa miongoni mwa wachache wanaofika kwenye kisu hata baada ya kufanya yote, huenda nisingekuwa. "Mimi hukata kwa kufuata maneno ya mgonjwa," akasema. "Ndani ya mguu siwezi kuona ulichofanya asubuhi kitandani kwako." Kisha akaandika barua, akaikunja, akaniambia niipeleke pale nilipoanzia.

Usiku ule nilimwambia mke wangu. Aliinua godoro mwenyewe. Aliishika ile kadi karibu na taa, akaihesabu mistari, akaniuliza swali moja: "Na nilipokuwa nakuuliza kama umeshavuta vidole, ukanijibu umeshavuta?" Nikasema ndiyo. Akazima taa. Wiki nzima alinihudumia kama kawaida, bila kuniangalia.

Msambweni nilimkuta yule yule. Niliinyoosha kadi juu ya meza yake kwa viganja, ikawa na mistari ya mikunjo kama ramani. Aliisoma tarehe ya mwisho, ya Novemba mwaka uliopita, akanitazama, akaisoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Akachukua kalamu, akaandika tarehe ya siku ile kwenye mstari wa tatu, akasema, "Vua kiatu, baba." Tuliimaliza mistari yote minane, tukaongeza kadi ya pili. Novemba 2023 nilirudi hotelini, zamu fupi. Maumivu ya nje yamebaki kidogo. Siku ya kusimama sana huja, na nadhani nitazeeka nayo.

Kwa mama nilichelewa zaidi ya kwa wote. Nilimwambia masika ya mwaka 2025, barazani kwake, mvua imetufungia. Nilimweleza kila kitu, tangu siku nne hadi picha ya dirishani. Alisikiliza akiwa anachambua mchicha. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo ule mwiba bado umo?"

"Bado umo, mama. Hawakuukata. Na hauumi."

Aliendelea kuchambua. Ndani, maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni alilolitega chini ya kuti lililooza, tone moja moja, nasi tulikaa tukiyasikia hadi mchicha ukaisha. Hakunisamehe kwa maneno, nami sikumwomba afanye hivyo siku ile. Tangu hapo nikipokea mshahara nampelekea 5,000 mkononi, si kwa simu. Zimefika 20,000. Zimebaki 32,000.